Ghala la Taifa la Silabi

Sogeeni, lakini msibanane sana, maana kwetu watu watatu wakibanana ni mkutano, na mkutano unataka kibali. Nchi ninayoisimulia hamuijui. Mkiona kiongozi humu anafanana na wa kwenu, kosa ni la huyo wa kwenu, nani alimtuma ajifananishe na wetu? Mimi ni fundi viatu. Nakaa na nyundo yangu na gundi yangu chini ya ukuta wa Ofisi ya Wilaya, upande wa kivuli, na sina neno baya na serikali. Serikali ina miguu, miguu inavaa viatu, viatu vinatoboka. Tunaelewana.

Basi Waziri wetu wa Maandishi, Mheshimiwa Gaudensi Makelemo, alisafiri kwenda Korea na msafara uliojaza ndege nzima, kwenda kujifunza wenzetu wamewezaje. Wenyeji wakampokea, wakamkalisha ukumbini, wakamweleza habari za maandishi yao. Mheshimiwa alirudi ameduwaa. Tulimsikia redioni, sauti inamtetemeka.

"Ndugu wananchi! Wenzetu hawapangi herufi foleni kama watu wanaosubiri unga! Herufi zao zinakaa pamoja, familia moja, nyumba moja. Ya mwanzo inakaa juu, irabu inakaa ubavuni au chini yake, na ya mwisho, kama ipo, inakaa sakafuni. Hiyo ni silabi moja, imetulia kwenye mraba wake. Na ndani ya kompyuta, ndugu zangu, wameiweka nyumba nzima nzima, kila nyumba na namba yake! Hakuna kuhangaika kujenga. Unaita namba, silabi inakuja imeshaiva!"

Hakusema uongo, msimwonee. Wenzetu hao kweli waliwahi kuchagua silabi elfu mbili mia tatu na hamsini, zile zinazotumika sana, wakazipa namba, wakaziingiza kwenye mashine. Ila hiyo ilikuwa nusu ya kwanza ya mhadhara. Nusu ya pili ilikuwa na kichwa kisemacho "Tulipokosea". Humo walieleza jinsi watu wenye silabi adimu katika majina yao walivyohangaika kuandikwa, na jinsi ilivyobidi mwishowe waingize silabi zote zinazoweza kuundwa kwa herufi zao za leo, elfu kumi na moja na ushee, zimepangwa kwa hesabu: ukijua herufi ya mwanzo, irabu na ya mwisho, unajua nyumba iko wapi, hata kama hakuna aliyewahi kuingia. Sasa baina ya nusu hizo mbili kulikuwa na mapumziko ya chai, na Mheshimiwa alitoka akaenda kununua friji.

*

"Kwanza sisi ndio wenye silabi!" alitangaza siku ya kuzindua Ghala la Taifa la Silabi. "Nani hapa hakuimbishwa ba, be, bi, bo, bu? Korea wametuiga!"

Tukapiga makofi. Kupiga makofi kwetu ni kama kupiga chafya, kunakuja kwenyewe.

Iliundwa Kamati ya kuchagua silabi za kuingia Ghalani. Ilikaa hoteli ya mlimani, kule kwenye maji ya moto, msimu mzima. Mjumbe mmoja akapendekeza ziingizwe zote tu, yaishe. Aliambiwa ni mchochezi, akaondolewa kabla chakula cha mchana hakijaletwa. Waliobaki wakaafikiana kwamba silabi halali ni zile zilizotumika katika hotuba za Mtukufu Mlezi wa Taifa. Mwenyekiti alilisema vizuri: "Kama Mlezi hajaihitaji silabi miaka yote hii, raia wa kawaida ana shida nayo gani?"

Basi wakazipembua hotuba. Hotuba zilikuwa nyingi, ila nyingi ni ileile. Silabi za maendeleo zilipatikana tele, za mshikamano tele, za vibaraka ndiyo usiseme. Ng'o ilipatikana, kwa sababu Mlezi aliwahi kuulizwa na mwandishi wa habari kama atapumzika, akajibu "Ng'o!" Ng'a ilikosekana. Liko neno la kiongozi kuondoka mwenyewe madarakani ambalo lina silabi hiyo, nanyi mnalijua, yeye hajalitamka mpaka leo, na mimi sitaki kuwa wa kwanza.

Baada ya hapo vibao vya kuchapia vya herufi moja moja vilikusanywa nchi nzima vikavunjwavunjwa. Vipya vilikuja vikubwa kama mlango, vimejaa vitufe vya silabi zilizoiva, na karani anasimama mbele yake na fimbo ya kunyooshea. Kujiungia herufi mwenyewe kuliitwa "uunganishaji wa kienyeji", na kulikuwa na adhabu yake. Mimi nikafuta kibao changu kilichosema nashona viatu. Wateja wanaona viatu wenyewe.

*

Sasa kuna jirani yangu, Kashindye, anakaanga mihogo mkabala na mimi, ng'ambo ya barabara. Alizaa binti. Mtoto alilia tangu siku aliyozaliwa, analia mchana, analia jioni, maziwa anakataa, mgongoni anakataa. Kwa kabila la Kashindye mtoto wa namna hiyo halii hivihivi. Kuna mzee wa ukoo, marehemu, anadai jina lake. Basi walimwita shangazi, akamshika mtoto, akaanza kuyataja majina ya wazee waliotangulia, moja moja, taratibu. Alipofika "Ng'walu", jina la bibi mzaa bibi, mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala. Limeisha hilo. Jina likishapokelewa hivyo halibadilishwi, maana ukilibadilisha umemfukuza bibi mlangoni.

Mtoto huyo alipoanza kutembea, hakutembea mbali. Anapiga hatua chache anahema, jasho linamtoka kama amebeba gunia. Kifua kila mara. Kashindye akampeleka Hospitali Kuu ya Mlezi, akaonwa na Daktari Namsifu, mwanamke mmoja mwembamba asiyejua kupamba maneno.

"Mama, moyo wa mtoto una tundu," alimwambia. "Damu inapita hapo, inayapiga mapafu. Tundu linazibika. Wako madaktari wageni wanakuja kila mwaka kunisaidia, na hulipi kitu. Ila usichelewe. Mapafu yakipigwa muda mrefu yanakakamaa, na yakishakakamaa nikiziba tundu namuua. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nimlete kesho?"

"Mlete na namba yake ya uraia. Bila namba, mashine hainifungulii chumba cha upasuaji, wala hainitolei damu."

Namba ya uraia! Kashindye alitoka hospitalini anacheka. Kumbe ni namba tu! Ofisi yenyewe iko hapa mbele ya sufuria yake ya mihogo, siku zote anawauzia.

*

Karani wa usajili aliitwa Bwana Shemahonge. Kijana mpole, viatu vyake namba tisa, anakanyagia nje. Mimi siku hiyo nilikuwa nimemletea raba yake, kwa hiyo niliyaona yote.

"Jina la mtoto?"

"Ng'walu."

Shemahonge akainua fimbo. Akaanzia juu kushoto, akashuka, akapanda. Akachutama kuangalia vitufe vya chini. Akasimama.

"Mama, hiyo silabi ya kwanza hatunayo."

"Hamnayo vipi, na nimeisema sasa hivi?"

"Umeisema, sikatai. Lakini haipo."

"Wewe umeisikia?"

"Nimeisikia vizuri sana mama yangu, na ni silabi nzuri. Ila Ghalani haimo." Akashusha sauti. "Chukua ng'o. Za ng'o zipo. Tumwandike Ng'olu, mtoto apate namba, uende zako."

"Bibi yangu hakuwa Ng'olu."

"Au Maendeleo? Maendeleo inapita moja kwa moja."

Kashindye alimtazama mpaka kijana akaona haya. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Shemahonge, kwa huruma, nasisitiza kwa huruma, akakumbuka kwamba mashine ina kitufe kimoja kisicho na kitu, cha dharura. Ukikibonyeza pale silabi inapokosekana, unapata kisanduku kitupu. Akabonyeza. Kadi ikatoka inang'aa, picha ya mtoto, nembo ya taifa, na jina: kisanduku kitupu, halafu lu.

"Bibi yuko humo ndani?" aliuliza Kashindye.

"Yumo," alisema Shemahonge. "Haonekani tu."

Nilimpongeza jirani yangu. Niliona kisanduku kina nafasi, mtu unaweza kujinyoosha. Msinicheke, nilikuwa na nia njema.

*

Siku ya upasuaji ilipofika, tulifunga biashara tukamsindikiza. Mtoto alivaa gauni la njano. Mhudumu wa mapokezi akaichukua kadi, akaiingiza kwenye mashine, mashine ikalia kidogo. Akamtazama mtoto, akatazama kioo, akamtazama tena.

"Huyu ameshapasuliwa."

"Nani?"

"Huyu. Amepasuliwa mwezi uliopita, akapona, akaruhusiwa. Na upasuaji wa bure ni mmoja kwa kila raia. Hongereni."

Jamani! Mashine haikuwa imekosea, ilikuwa imefanya ilivyofundishwa. Kwake yeye kisanduku ni kisanduku. Silabi yoyote isiyo Ghalani ikiingia humo, haijui tena ilikuwa ipi. Mjini kulikuwa na Mzee Dwalu, mstaafu wa reli, ambaye silabi yake ya kwanza nayo Mlezi hakuwahi kuihitaji. Naye ni kisanduku na lu. Mzee wa watu alikuwa amepasuliwa ngiri. Kwa mashine, Mzee Dwalu na mtoto Ng'walu ni raia mmoja, ana namba moja, na ngiri yake imepona vizuri.

Daktari Namsifu alishuka mwenyewe, akabishana na mhudumu, akapiga simu huku na kule. Alirudi uso umemshuka. "Chumba kimekataa kufunguka," alisema. "Nimejaribu kuingiza namba yangu mimi, nimeambiwa moyo wangu ni mzima." Wale madaktari wageni walizibia watoto wengine matundu, wakapiga picha, wakapanda ndege.

Mzee Dwalu aliposikia, alikuja mwenyewe kwa Kashindye, na fimbo yake na kofia ya reli. Aliketi kwenye kigoda changu, machozi yakamtoka.

"Binti yangu, nimekula zamu ya mtoto bila kujua."

"Hukula wewe, baba," alisema Kashindye. "Kunywa chai."

Siku iliyofuata tulikwenda wote kwa Mkurugenzi wa Visanduku, maana idara ilikuwa imeshaanzishwa, na ina magari. Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mstaarabu, anaongea kama anasoma risala.

"Tatizo lenu nimelipokea. Kwa mujibu wa kumbukumbu, wawili nyinyi ni mmoja."

"Mimi nina miaka sabini na kitu," alisema Mzee Dwalu. "Huyu hajaota meno yote!"

"Mashine inakiri una miaka sabini na kitu na hujaota meno yote. Haioni mgongano."

"Basi nirudishieni ngiri yangu!" Mzee alisimama, akaanza kufungua mkanda pale pale. "Irudisheni ilipokuwa, mumpasue mtoto!"

"Mzee, huduma ikishapokelewa hairejeshwi."

Kashindye akamwinua mtoto akamkalisha juu ya meza, juu ya karatasi za watu. "Huyu ni mtoto," alisema. "Mguse. Weka mkono hapa kifuani. Weka! Unasikia unavyokimbia?" Mkurugenzi alirudisha mikono nyuma, akasema yeye si daktari. Ndipo Kashindye akasema jambo ambalo sikudhani nitalisikia kwake. "Basi mwandikeni Ng'olu. Mwandikeni Maendeleo. Mwandikeni mnavyotaka. Bibi atanisamehe."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Ungesema mwanzoni, mama. Sasa ameshasajiliwa. Tukimwandika tena kwa jina jingine atakuwa watu wawili, na hilo ni kosa la jinai."

Tulitoka. Kwenye ngazi Kashindye alikaa chini, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti kama msibani. Mimi nilimshikia mtoto.

*

Shemahonge alimhurumia. Alikuja pale kwenye mihogo mchana mmoja, akanunua asile, akanong'ona. "Mama, kuna njia moja tu ya kuongeza silabi. Mlezi aitamke hadharani. Anafuatwa kila aendako na wanasa matamshi, wana vinasa sauti. Akisema kitu kipya, kinanaswa, kinapelekwa Ghalani, kinapata namba siku hiyohiyo. Mwaka jana alipaliwa na mfupa wa samaki, tukapata silabi tatu."

Na Mlezi alikuwa anakuja wilayani kwetu, kufungua daraja. Daraja lenyewe alishalifungua, lakini alilipenda.

Tukapanga. Mtoto wa kumkabidhi shada la maua huteuliwa na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa viatu vyake vya sherehe nilikuwa navyo mimi, soli zimetolewa. Nilimweleza kwamba gundi imekuwa adimu sana, labda itapatikana ikiwa shada atabeba Ng'walu. Aliniita mhuni. Ng'walu akateuliwa.

Mama yake alimfundisha wiki nzima. Mlezi akikuuliza jina, sema kwa nguvu. Asiposikia, sema tena. Mtoto alikuwa ameshakua sasa, maneno anayajua, ila mwili ulikuwa mdogo, shingo nyembamba, na alikuwa akisema sentensi moja anapumzika katikati.

Siku ikafika. Ngoma, vigelegele, jua kali. Ving'ora vikapita, magari yakapita, Mlezi akashuka. Ng'walu akasogea na shada, mguu mmoja, mwingine, anahema. Wanasa matamshi wakanyoosha vinasa sauti vyao. Mimi, Kashindye, Mzee Dwalu na Shemahonge tulikuwa nyuma ya kamba, tumeshikana mikono kama wanaovuka mto.

Mlezi akainama. "Unaitwa nani, mjukuu wangu?"

"Ng'walu."

"Eti?"

"Ng'walu!" Sauti ilitoka yote, mpaka akajishika kifua.

Mlezi akanyanyuka, akawageukia wananchi, akafungua mdomo. Nilimsikia Kashindye akisema "Sema, baba, sema," kwa sauti ya chini.

"Ndugu wananchi!" alisema Mlezi. "Mmesikia jina la mtoto huyu? Jina zuri! Jina la asili! Haya ndiyo majina ya kudumisha! Mtoto huyu, mtoto huyu hapa, huyu..." Akamgusa kichwani, akatafuta neno, akalipata. "Huyu ndiye taifa la kesho!"

Uwanja ukalipuka. Vinasa sauti vikashuka. Mlezi akakata utepe, akala, akaondoka. Mzee Dwalu alitukana tusi moja la zamani la reli, na nashukuru halikunaswa.

*

Miaka ikaenda. Wageni wa moyo walikuja na kuondoka, na kila walipokuja Daktari Namsifu alijaza maombi, na kila mara mashine ilimjibu kwamba mgonjwa alishapona ngiri. Ng'walu aliota meno ya pili. Shuleni hakupelekwa, kwa kuwa Mzee Dwalu alishamaliza darasa la nane. Alikuwa anakaa na mimi kivulini, ananishikia kopo la gundi. Kuna siku niliona midomo yake imebadilika rangi, imekuwa kama aliyekula zambarau. Nikamuuliza mama yake kama amempa zambarau. Akasema si msimu wake.

Kilichoangusha Ghala hakikuwa Kashindye, wala mzee, wala mtoto. Kilikuwa beji. Wizara ilimwalika mhandisi kutoka Korea, Bi. Hwang, aje aone mwanafunzi alivyompita mwalimu. Uwanja wa ndege akavalishwa beji ya heshima. Jina lake kwao ni silabi moja, nyumba moja. Ghalani kwetu haikuwamo. Kwa hiyo beji yote ilikuwa kisanduku kitupu, na chini yake "Mgeni wa Heshima".

Dereva aliyempokea ni mteja wangu, alinisimulia yote. Bi. Hwang aliicheka sana ile beji. Akauliza wananchi wangapi wana visanduku, akaambiwa ni wachache tu, laki kadhaa. Hapo akaacha kucheka. Akamwambia Mheshimiwa Makelemo kwamba kwao kulikuwa na shangazi yake, mwalimu, ambaye mashine za zamani zilishindwa kuandika jina lake, na kila ofisi lilitoka vingine, mpaka uzeeni. "Lakini hiyo tuliieleza," alisema. "Ilikuwa nusu ya pili. Hukuwepo?"

Mheshimiwa alijibu kwamba alikuwepo kiroho.

Aibu mbele ya mgeni, jamani, kwetu ni jambo zito kuliko kifo cha mwenyeji. Kesho yake asubuhi redio ilipiga muziki wa matarumbeta, kisha ikatangaza kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa, katika tafakuri zake, amegundua herufi. Amegundua pia kwamba herufi zikiunganishwa zinaweza kuunda silabi yoyote, hata ambayo hajaitamka. Uunganishaji wa kienyeji sasa utaitwa Uunganishaji wa Kitaifa. Mheshimiwa Makelemo alipewa nishani kwa kubomoa Ghala, ileile aliyopewa kwa kulijenga, ikiwa na utepe mpya.

*

Kwenye sherehe walihitaji jina la kuandika kwanza, mbele ya mabalozi. Mtu wa itifaki akakumbuka picha ya shada la maua. Basi gari la serikali likaja kumchukua Ng'walu, na sisi tukapanda nyuma.

Uwanja ulijaa. Shemahonge, kwenye suti ya kuazima, aliketi mbele ya kibao kipya kidogo cha herufi. Akabonyeza n. Akabonyeza g. Alama yake juu. Kwenye kioo kikubwa kama nyumba, tukaziona zinakuja, zinasogeleana, moja baada ya nyingine, mpaka likakamilika: Ng'walu. Hakuna kisanduku. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Siwafichi, nililia, na sikuwa nimelipwa na mtu.

Kwa kuwa namba ilikuwa moja, Mzee Dwalu naye kuanzia dakika hiyo aliandikwa Ng'walu. Alivua kofia. "Haidhuru," alisema. "Wangu watanijua."

Mlezi akashika kipaza sauti. Alikuwa ameshanong'onezwa habari za moyo. "Nimeambiwa mtoto huyu alicheleweshwa na watendaji wazembe," alisema. "Naagiza, sasa hivi, apasuliwe!" Makofi, ngoma, vigelegele. Mheshimiwa Makelemo alipiga makofi kuliko wote. Tukapakiwa na kupelekwa hospitali na ving'ora mbele, magari ya watu yanatupisha kando ya barabara kama tumekuwa wakubwa.

Daktari Namsifu alikuwa anatungoja mlangoni. Nywele zimeota mvi. Aliipokea kadi mpya. "Ng'walu," alisoma, na alilisoma vizuri, kama mtu wa kwao. Akamshika mkono, akamtazama kucha, akamtazama midomo. Mlango wa chumba cha upasuaji, nyuma yake, ulikuwa umeshajifungua wenyewe, taa zote zinawaka ndani. Akampeleka kwenye kipimo cha moyo badala yake. Alikaa naye huko muda mrefu, na alipotoka alimwomba Kashindye akae. Kashindye akakataa kukaa.

"Mama, mapafu yameshakakamaa."

"Lakini chumba kimefunguka. Nimekiona."

"Kimefunguka."

"Na Mlezi ameagiza apasuliwe. Watu wote wamesikia, na redio imesema."

"Ameagiza," alisema daktari. "Mapafu hayakumsikia. Nikimziba leo, anafia mezani. Mrudishe nyumbani, awe na wewe. Nitakuja kumwona mwenyewe." Kisha akageuka ukutani, akabaki hivyo hivyo na kadi mkononi.

Mimi nilitaka kusema kitu. Ni fundi, nimezoea kitu kilichochanika kiwe na namna ya kushonwa. Nilitazama viatu vya watu pale sakafuni.

Ng'walu alitoka ndani na gauni lake la sherehe, anatembea taratibu, mkono ukutani. Alikuwa bado anafurahi.

"Mama," alisema, akapumzika. "Wamenijua sasa?"

"Wamekujua, mama," alisema Kashindye. Akainama mtoto ampande mgongoni, akamfunga kanga, tukashuka naye ngazi.